Risala ya Wanamuziki wa Bisil, Kajiado na Kitengela Kuhusu Maumivu ya Kazi

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kajiado. Kwa Spika na Waheshimiwa Wawakilishi Wadi. Kwa maafisa wa afya, wa utamaduni na wa leseni. Kwa wenye vilabu, wenye hoteli na waandalizi wa sherehe.



Sisi ni wapiga gitaa, wapiga besi, wapiga kinanda, wapiga ngoma, waimbaji na wachezaji tunaotafuta riziki kwenye barabara hii ya Namanga, kuanzia Kitengela na Isinya, kupitia mji wa Kajiado, hadi hapa Bisil na kuendelea mpakani. Tunapiga mugithi, benga, rhumba, injili na nyimbo za Kimaasai. Wengi wetu tukitoka kilabuni usiku wa Jumamosi, Jumapili asubuhi tuko kanisani na vinanda vyetu. Mnatujua. Mmetuita kwenye harusi zenu, kwenye matanga yenu, kwenye mikutano yenu ya kampeni, na kwenye sherehe za vijana wenu wanapotoka jandoni.

Hatukuja leo kudai mirabaha. Jambo hilo linasemwa kila mwaka na litaendelea kusemwa. Tumekuja na jambo ambalo hatujawahi kusikia likitajwa katika kikao chochote cha wasanii wala cha serikali: kazi hii inatuumiza mwili. Inatuumiza mabega, mgongo, vifundo vya mikono, magoti na koo, na tukishaumia hakuna anayetuhesabu kuwa tumeumia kazini.

Tuanze na mpiga gitaa wa mugithi, yule anayefanya kazi peke yake. Mwenye kilabu humpenda kwa sababu analipa mtu mmoja badala ya bendi nzima. Basi mtu huyo mmoja anapiga gitaa, anaimba, anaongoza midundo kwenye mashine, anajibu maombi ya wateja na anaitikia majina ya wanaomtuza. Anapanda jukwaani saa mbili usiku na kushuka saa tisa. Gitaa la umeme lina uzito wa kilo tatu na nusu hadi nne, na uzito huo wote unaning'inia kwa mkanda juu ya bega moja. Mkono wa kushoto umekunjwa kifundoni muda wote huku vidole vikikandamiza nyuzi, mkono wa kulia haupati mahali pa kuegemea, na shingo imevutwa mbele kuifuata maikrofoni. Mtazamaji humwona mtu amesimama tu anatabasamu, na ndiyo maana ni vigumu kumshawishi mtu kwamba hiyo ni kazi ya sulubu.

Madaktari wanaeleza vizuri kinachotokea. Msuli unaokaza na kulegea kwa zamu, kama wa mguu wa mtu anayetembea, hupata damu kila unapolegea. Msuli unaokaza bila kulegea huibana mishipa yake yenyewe ya damu, kwa hiyo unafanya kazi huku ukinyimwa chakula na hewa. Bega linaloshikilia gitaa kwa saa nzima liko katika hali hiyo, na hata mpigaji hodari aliyezaliwa na kipaji hawezi kulikwepa jambo hilo. Uchovu wa namna hiyo ukipewa mapumziko mafupi ya mara kwa mara huondoka. Ukinyimwa usiku baada ya usiku, hugeuka kuwa maumivu ya kudumu: kano huvimba, na neva inayopita kwenye njia nyembamba ya kifundo cha mkono hubanwa.

Mwenzetu mmoja, mpiga besi, alianza kwa ganzi. Dole gumba, kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vinakufa ganzi usiku wa manane, naye akawa anaamka kila mara kuukung'uta mkono ili usingizi umrudie. Baadaye akashindwa kufunga vifungo vya shati, mke wake akawa anamfungia kabla hajatoka kwenda kazini. Nyuzi za besi zikaanza kumtoroka katikati ya wimbo. Alipoomba kupumzika dakika kumi katika kilabu kimoja ambacho hatutakitaja, aliambiwa kwamba wateja hawakuja kutazama jukwaa tupu, na mwisho wa usiku pesa zake zilikatwa. Alijikaza kisabuni miezi mingi. Leo hashiki besi. Hakuna fomu aliyojaza, hakuna fidia aliyolipwa, na waliomwona mara ya mwisho jukwaani walidhani ni pombe.

Hiyo ndiyo dhuluma inayotuuma kuliko malipo duni. Fundi wa mjengo akianguka kwenye jukwaa la mbao, watu husema ameumia kazini. Mwanamuziki akishindwa na vidole vyake, husemwa kwamba amelewa, ameringa, amezeeka au amerogwa. Sisi wenyewe tumeyameza maneno hayo hata tukaona haya kusema tunaumwa, kwa kuwa anayekiri maumivu hapigiwi simu wikendi inayofuata.

Mpiga kinanda naye ana yake. Katika vilabu vingi vya ukanda huu, meza ya kinanda ni kreti za bia zilizopangwa mbili mbili. Kreti mbili ni fupi mno kwa aliyesimama na ni ndefu mno kwa aliyeketi kwenye kiti cha plastiki. Kwa hiyo mpigaji anainama, au ananyanyua mabega hadi karibu na masikio, na kubaki hivyo hadi alfajiri. Kifaa cha kusimamisha kinanda hakina bei ya kutisha. Mwenye kilabu aliyeweza kununua friji tatu za kupozea vinywaji anaweza kukinunua.

Kabla hata ya wimbo wa kwanza, kuna mizigo. Spika na jenereta hushushwa kwenye gari la Probox na wanamuziki wenyewe, hupandishwa ngazi na wanamuziki wenyewe, kisha mikono ile ile iliyokwisha kutetemeka ndiyo inayotakiwa kushika nyuzi na vijiti vya ngoma. Kazi ikiisha, mizigo inarudi vilevile, na safari ya usiku kutoka Namanga au Kitengela inaanza huku mtu hajalala.

Sasa tuje kwa wachezaji na waimbaji wa Kimaasai, ambao picha zao ziko kwenye kila tangazo la utalii la kaunti hii. Mnajua jinsi morani wanavyoruka. Mruko ule ulizaliwa kwenye udongo na nyasi, katika manyatta, na kila kijana aliruka zamu yake kisha akarudi kwenye safu kuimba. Leo tunaletwa kwenye uwanja wa saruji wa hoteli, tukiwa wachache, tukiwa na kandambili za tairi, na tunarukia wageni wa mchana, wa jioni na wa usiku. Saruji haimezi kishindo. Kishindo chote hurudi kwenye visigino, kwenye mifupa ya miundi, kwenye magoti na kiunoni. Vijana ambao baba zao waliruka hadi walipopanda kuwa wazee, wao wanashika magoti wakiwa bado morani.

Na olaranyani, yule anayeongoza wimbo, anaimba nje, upepo ukivuma na jenereta ikinguruma, bila spika ya kumrudishia sauti yake. Mtu asiyejisikia hupaza sauti kuliko anavyohitaji, bila kujua. Sauti nayo hutoka kwa misuli. Ikilazimishwa kila siku, kamba za sauti huota sugu, na uvimbe huo ukikomaa, mwimbaji hubaki na sauti ya kukwaruza. Tunao miongoni mwetu viongozi wa nyimbo ambao sasa wanaitikia tu, kwa sababu sauti ya kuongoza imekwenda.

Tunajua mtauliza kama haya si malalamiko ya watu wavivu. Mwaka 1988 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wapigaji wa okestra kubwa za Marekani. Waliojibu walikuwa 2,212, na asilimia 76 kati yao walisema wana angalau tatizo moja la kiafya lililo zito kiasi cha kuathiri upigaji wao. Hao ni watu wenye mishahara, wenye viti, wenye vyama vya wafanyakazi na mikataba inayopanga saa za mazoezi na za mapumziko. Ikiwa wao wanaumia hivyo, fikirini mpigaji wa Bisil aliyesimama saa saba mbele ya kreti za bia. Mpiga piano mashuhuri Leon Fleisher alipoteza uwezo wa mkono wake wa kulia katika miaka ya 1960 kwa ugonjwa unaofanya vidole vijikunje bila kuamriwa, akabaki kupiga kwa mkono wa kushoto kwa takribani miaka 30 kabla ya tiba kumrudishia mkono wa kulia. Na Uingereza tangu mwaka 1984 kuna shirika la matabibu, British Association for Performing Arts Medicine, ambalo kazi yake ni kutibu wasanii wanaoumizwa na sanaa yao. Maradhi haya yana majina, yana sababu, na mengi yana tiba yakiwahiwa.

Sisi hatuyawahi. Kinachowahiwa hapa ni duka la dawa. Mtu hununua vidonge vya kutuliza maumivu kabla ya shoo, na wengine hudungwa sindano, ili apate kumaliza usiku. Dawa zile zikitumiwa kila wikendi bila ushauri wa daktari zinaweza kuchubua tumbo na kuharibu figo. Wengine hutafuna miraa na muguka ili wakeshe, na kwa kuwa hawausikii uchovu, wanazidi kuutumikisha msuli uliokwisha kushindwa. Tunasema haya hadharani kwa sababu tunazika wenzetu na tumechoka kusikia maneno ya juujuu makaburini.

Mheshimiwa Gavana, tumesoma sheria, na tunaomba mtusikilize hapa kwa makini.

Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 41, inampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na inasema kibarua ambaye siku zake za kazi mfululizo zikijumlishwa zinafikia mwezi mzima anastahili kutambuliwa kama mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, nayo ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake. Lakini mwanamuziki huitwa mkandarasi pale mwenye kilabu anapotaka kukwepa bima, halafu huitwa mfanyakazi pale anapotaka kumwamrisha afike saa ngapi, avae nini, na asishuke jukwaani mpaka aambiwe. Huwezi kumfanya mtu mtumwa wa saa zako kisha ukamkana akiumia.

Kuna hata kanuni za mwaka 2009 zinazomlinda jirani dhidi ya kelele za muziki wetu, na afisa hufika na kifaa chake kupima kelele hizo mlangoni. Hatuzipingi kanuni hizo. Tunasema tu kwamba afisa huyo hupita karibu na mtu aliyeinamia kreti za bia, na hakuna karatasi aliyopewa ya kumwandika mtu huyo.

Na hapa ndipo tunapomlenga mwenye uwezo. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti huduma za afya, limeipa kaunti utamaduni na burudani za umma, na limeipa kaunti utoaji wa leseni za pombe. Yote matatu yako katika mkono mmoja. Kilabu hakifunguliwi bila saini ya kaunti, na hospitali tunayokimbilia ni ya kaunti. Hatuhitaji kwenda Nairobi kumsubiri waziri.

Tunadai, basi, kwamba masharti ya leseni ya pombe katika kaunti hii yaseme wazi kuwa kilabu kinachoweka muziki wa moja kwa moja kitampa mwanamuziki mapumziko ya dakika kumi kwa kila dakika hamsini za kupiga, bila kukatwa pesa, na kwamba hakuna mtu mmoja atakayepiga peke yake zaidi ya saa nne kwa usiku mmoja. Kilabu kinachotaka muziki hadi alfajiri kiite mpigaji wa pili. Dai hili ndilo kubwa kuliko yote, na likikubaliwa hili peke yake, nusu ya maumivu yetu yataondoka bila shilingi hata moja ya kaunti kutumika. Wateja hawatakimbia. Dakika kumi za nyimbo za kurekodiwa hazijawahi kufunga kilabu.

Tunadai masharti hayohayo yataje jukwaa: sakafu iliyo sawa, kifaa cha kusimamisha kinanda, kiti kinachopanda na kushuka, spika ya kumrudishia mwimbaji sauti yake, na mtu wa kubeba mizigo anayelipwa kwa kazi hiyo. Hoteli zinazoalika wachezaji wa kuruka ziwe na uwanja wa udongo au wa mbao. Ardhi ya Kajiado haina uhaba wa udongo.

Kaunti nayo ianze na nyumba yake. Siku za Madaraka, Mashujaa na Jamhuri, vikundi vya nyimbo huamriwa kufika uwanjani alfajiri, vikasimama juani hadi wageni wa heshima wafike, kisha vikaimba na kuruka koo zikiwa zimekauka. Wekeni hema la wasanii, maji ya kunywa na ratiba inayoheshimiwa. Mtu aliyesimama saa tano kabla ya kuruka ameumia kabla hajaruka.

Kuhusu tiba, tunaomba mtaalamu wa fiziotherapia kutoka hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kajiado afike Bisil kwa zamu, siku ya mnada, wakati watu wa mashambani nao wako mjini, kwa sababu mchungaji na mama anayebeba maji wana migongo inayouma kama yetu na foleni hiyo haitakuwa ya wanamuziki tu. Kitengela ipate siku yake. Tunaomba pia maafisa wa kliniki wafundishwe kumwuliza mgonjwa mwenye ganzi mkononi anafanya kazi gani kwa mkono huo. Swali hilo moja lingemwokoa mpiga besi wetu. Mara mbili alirudishwa nyumbani na vidonge, na hakuna aliyemwuliza.

Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, tuliambiwa mchango ni asilimia 2.75 ya kipato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kipato chetu hakina mwezi. Desemba kinajaa na Januari hakuna. Tunaomba afisa wa kaunti atusaidie kujisajili kwa vikundi na kuweka akiba ya mchango huo katika msimu mzuri, ili tusikatikiwe na bima wakati wa njaa, kwa kuwa ndipo wengi huugua. Na kilabu kinachomtumia mwanamuziki yuleyule kila wikendi kioneshe bima yake ya majeraha ya kazini kabla leseni haijafanywa upya.

Nasi tuna ya kwetu ya kufanya, tusije tukanyoosha kidole kwa wengine tu. Tutakubaliana kutopokea kazi inayovunja saa hizi, hata ikilipa vizuri, maana promota akimkosa mmoja kwa masharti haya humpata mwingine bila masharti, na hivyo ndivyo tumejiuza wenyewe kwa miaka mingi. Tutapasha vidole, mabega na koo kabla ya kupanda jukwaani. Tutavaa mikanda mipana ya gitaa. Tutawafundisha chipukizi, hasa watoto wa shule wanaojiandaa kwa tamasha za muziki, kwamba kidole kinachouma ni onyo, wala si ushahidi wa bidii. Na mwenzetu akisema anaumwa, hatutamcheka.

Kwa wenye vilabu na hoteli tunasema hivi kwa heshima: mmetulisha, nasi tumewajazia nyumba. Hatutaki ugomvi. Lakini mpigaji mnayemmaliza kwa miaka mitano angeweza kuwajazia ukumbi kwa miaka thelathini, na wateja wenu wanamjua kwa jina.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inatupa haki ya kuwasilisha ombi mbele ya Bunge la Kaunti. Nakala ya risala hii tunaikabidhi leo kwa Mwakilishi Wadi wetu ili imfikie Spika. Tunaomba jibu kwa maandishi katika siku 30, na tunaomba wanamuziki wawili, mmoja kutoka Bisil na mmoja kutoka Kitengela, waalikwe kamati itakapokaa kujadili masharti ya leseni za mwaka ujao. Msimu wa harusi na sherehe za Desemba unakaribia. Tunaomba saa za mapumziko ziwe zimetangazwa kabla haujaanza.

Ni sisi wanamuziki wa Bisil, Kajiado, Isinya, Namanga na Kitengela.